Maneno ya Chini ya Picha

Mimi ni mdadisi, na sioni haya kulisema. Kuna waliozaliwa na sauti nzuri, kuna waliozaliwa na mikono ya kazi. Mimi nilizaliwa na maswali. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba siku nikifika mbele ya malaika nitamuuliza kwanza yeye kaanza kazi lini na ni nani aliyemwajiri. Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi kutoka vitani, sikio la kushoto halisikii, na asitamke neno hata moja la maana juu ya yaliyompata, mnaweza kukisia nilivyoteseka. Aliyeumia ni yeye, lakini aliyekonda ni mimi.

Familia yetu ina studio ya picha. Ni chumba kimoja kirefu chenye pazia jeupe mwishoni, kiti cha kuzunguka ambacho kimeacha kuzunguka siku nyingi, taa mbili zenye miavuli, na meza mbele karibu na mlango ambako Mama hukaa na kikatio chake akikata picha za pasipoti kwa vipimo vinavyotakiwa. Mama ana miaka sabini na tisa na bado mkono wake haupindi hata unywele mmoja. Baba ndiye aliyeianzisha studio, akafariki, tukabaki nayo. Mimi na Mama tulitosheka. Mdogo wangu hakutosheka. Alianza na harusi, akaingia magazetini, na kutoka magazetini akaenda vitani. Miaka kumi na moja amekuwa akizunguka kwenye vita vya watu wengine, na sisi huku roho juu, tukisikia simu inalia tunatazamana kwanza nani aipokee.

Alirudi miezi minane kabla ya haya ninayoyasimulia. Kamera zake kubwa alizifungia ndani ya begi, begi akalipandisha juu ya kabati, halafu akaomba ufagio. Nilidhani anatania. Akafagia studio nzima, akapangusa vioo vya taa, na kesho yake akaanza kupokea wateja kana kwamba hajawahi kufanya kazi nyingine duniani.

Na kazi aliijua, sitamnyima haki yake. Hakuna anayeweza kukiweka sawa kidevu cha mtu mwenye haraka kama yeye. Ila kulikuwa na jambo. Hapa kwetu, tangu enzi za Baba, mteja hapigwi bila kuulizwa. Akishakaa, ukishamnyoosha kola, unamwambia, "Tayari? Nikupige?" Naye anaitika, "Nipige," ndipo unabonyeza. Baba alikuwa mkali mno kwa hilo. Sasa mdogo wangu alikuwa hasemi hivyo tena. Yeye alisema, "Tazama hapa," basi. Na mimi nikimwambia mteja nikupige, yeye akiwa karibu, anapatwa na shughuli ya ghafla: mara maji, mara chaja, mara atoke aangalie kama mvua itanyesha, na nje jua linawaka. Mtu mwingine asingeling'amua. Mimi niliona siku ya pili tu, nikaliweka akilini.

Halafu ikaja bahasha.

Kuna picha yake moja, ya safari yake ya mwisho, ambayo ilizunguka kila mahali. Mama mmoja yuko mlangoni, mlango umebambuka rangi, beseni la nguo liko miguuni pake, na mikono yake yote miwili iko juu, viganja wazi. Ukiitazama unabana pumzi bila kujua. Ilitoka kwenye magazeti, ikabebwa kwenye mabango ya waandamanaji, nasikia kuna mji mmoja imechorwa ukutani ghorofa tatu kwenda juu. Mdogo wangu kila alipokwenda alijulikana kwa picha hiyo. Sasa kampuni moja ya vitabu ilitaka kutoa kitabu cha miaka yake kumi na moja, na picha hiyo ndiyo iwe jalada. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi moja, na juu yake nakala ya picha. Chini ya picha kulikuwa na maneno: "Mama akijisalimisha mbele ya askari." Chini ya maneno kulikuwa na mstari wa sahihi. Kampuni haitoi picha ya vita mpaka mpiga picha mwenyewe athibitishe kwamba maneno ya chini yake ni ya kweli. Bila sahihi hakuna jalada, na bila jalada lile hakuna kitabu.

Bahasha ilikaa wiki tatu mezani kwa Mama. Ikawa sehemu ya kuwekea mkasi.

"Utatia sahihi lini?" nilimuuliza.

"Kesho, Dada."

"Kesho ya mwaka gani?"

Akacheka kidogo, akaenda kuangalia mvua.

Jumatano mhariri wa vitabu akapiga simu studio. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyesubiri mpaka subira imemwishia. Akasema Jumamosi atakuja mwenyewe, kwa sababu Jumatatu kitabu kinaingia mitamboni, na kama kuna shida ni heri aijue. Nikamfikishia mdogo wangu ujumbe. Mteja aliyefuata alimpiga picha na taa moja imezimwa, na yeye si mtu wa kusahau taa.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Mwenzenu nimefanya kazi ya pasipoti miaka ishirini na sita. Sijui vita, sijui siasa, lakini macho ya mtu aliye mbele ya kamera nayajua. Kuna anayetazama lenzi. Kuna anayekutazama wewe uliyeishika kamera, anataka kujua kama amependeza. Na kuna anayetazama nyuma yako, mara nyingi mkewe kasimama huko. Ni tofauti ndogo sana, upana wa punje ya mchele, lakini ukishaijua huwezi kujitia hamnazo.

Alhamisi, saa nane mchana, saa ambayo wateja hawaji, niliichomoa ile karatasi chini ya mkasi wa Mama nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Mama wa mlangoni hakuwa anatazama pembeni, ambako askari wangeweza kuwa wamesimama nje ya picha. Hakuwa anatazama nyuma ya mpiga picha. Alikuwa anatazama lenzi, katikati kabisa.

Sasa sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Alipofika nyumbani mdogo wangu alikuwa amenipa picha zake zote za safari ile nizihifadhi kwenye kompyuta ya studio. "Nitunzie, Dada, ila usifungue," aliniambia. Na mimi nilizitunza miezi minane bila kufungua, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Mchana ule nilifungua.

Kamera haina heshima, inahesabu kila kitu. Inaandika namba ya picha, siku, saa, dakika na sekunde. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa namba 417. Nikaanza na 416. Ni mlango ule ule, mama yule yule, lakini hapa amesimama wima, anakamua nguo, anatazama beseni lake. Picha imechukuliwa kwa upana zaidi, barabara inaonekana yote upande huu na upande huu. Ni tupu. Hakuna askari, hakuna gari, hakuna hata mbuzi. Sekunde sita baadaye, 417, mikono iko juu. Sekunde nne baadaye, 418: mlango mtupu na beseni limepinduka, maji yanaelekea barabarani. Halafu 419, imekaa upande, ni vumbi na kipande cha mbingu. Baada ya hapo hakuna kitu.

Nilizitazama hizo nne kwenda mbele na kurudi nyuma mpaka macho yakaniuma. Katika sekunde sita ni nini kimemtokea mtu anayekamua nguo? Nani kaingia kwenye barabara tupu? Nilijibu mwenyewe kila namna. Nikawaza labda ndege imepita. Lakini ndege mtu anaitazama juu.

Ijumaa, wakati Mama amekwenda nyumbani kula, nikafunga mlango wa studio, nikageuza kibao.

"Nimefungua," nilisema.

Alikuwa anakunja waya wa taa. Aliendelea kuukunja mpaka ukaisha. "Nilijua utafungua."

"Sasa kwa nini ulinipa mimi?"

"Ningempa nani, Dada? Mama hajui hata kuwasha kompyuta."

"Hakukuwa na askari pale."

"Hapana."

"Maneno haya nani kayaandika?"

"Watu wa chumba cha habari. Mimi nilikuwa nimelazwa, mwenzangu ndiye aliyewatumia picha. Wakaona mikono juu, wakajaza wenyewe. Nilipopata fahamu vizuri ilikuwa imeshatoka kila mahali."

"Basi mama yule alikuwa anamnyooshea mikono nani?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalitazama pazia jeupe. Sikio lake zima lilikuwa upande wangu.

"Walikuwa wanaongea lugha yetu, Dada. Hapo ndipo nilipoharibu. Ingekuwa nchi ya lugha nyingine ningeonyesha kamera kwa mkono, ningetabasamu, ningefanya ishara kama bubu. Ndivyo nilivyofanya miaka yote. Pale nikawasikia wanaongea kama sisi, nikafurahi, nikajiona niko nyumbani. Nimevaa fulana ya kuzuia risasi, nina kofia ya chuma, lenzi ndefu nyeusi imenifunika uso. Nikapiga ya kwanza ya kupimia mwanga, yeye hajaniona. Nikaona hapana, huyu ni mtu mzima, nimwombe. Nikatoa sauti ya Baba, ile ya upole. Nikamwambia, 'Mama, nikupige?'"

Nitasema kweli yangu: kicheko kilinipanda mpaka kooni, kikafia hapo hapo. Lugha yetu hii! Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na risasi nazo tunapiga, na siku zote tunaona sawa tu. Neno nililolisema mara thelathini kwa siku, kwa mabibi harusi na watu wanaotafuta vitambulisho, yeye kalipeleka mbele ya mama ambaye wiki nzima anasikia milio ya bunduki.

"Pole, mdogo wangu," nilisema. "Lakini ni neno tu limekuponyoka. Hukukusudia."

"Usinipe pole haraka, hujasikia yote." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mikono ilipoanza kupanda, nilijua kasikia nini. Nilijua palepale. Kulikuwa na muda wa kushusha kamera na kumwambia picha, mama, nasema picha. Lakini niliona mwanga umekaa vizuri kwenye viganja vyake. Nikabonyeza. Kisha ndipo nikashusha kamera, ndipo nikasema. Hakuwepo, kidole kikabonyeza tena chenyewe, mlango mtupu. Alikimbilia ndani, akatokea mlango wa nyuma, nilisikia mlango wa nyuma ukigonga ukuta. Na bomu likaanguka huko huko nyuma."

Nje mtu alijaribu mlango, akaona kibao, akaenda zake.

Kisha maswali yakanitoka, yote niliyoyalea miezi minane. Mlikuwa umbali wa hatua ngapi? Ishirini na mbili. Bomu lililia kabla ya kuanguka? Alilisikia kama karatasi inachanwa. Alirushwa mpaka wapi? Hajui, aliamka yuko chini ya ukuta. Nani alimbeba? Dereva wao, mtu mfupi mwenye mgongo mbovu. Kamera haikuvunjika? Kioo cha mbele tu. Sikio lilitoka damu? Lilitoka. Alijibu moja baada ya jingine bila kuchoka, akitikisa kichwa kama mtu anayejaza fomu. Mwisho nikamuuliza kesho atamwambia nini mhariri.

"Nikisema kweli, picha imekufa. Na mimi nikiondolewa picha ile ni nani? Ni mpiga picha wa pasipoti."

"Kwani pasipoti zimekukosea nini?" nilisema, maana hata katika huzuni kuna mambo siyavumilii.

Akacheka, na mimi nikacheka, tukafungua mlango. Nilirudi nyumbani nimeshiba majibu. Nilijiona nimefika mwisho wa jambo lote.

Jumamosi mhariri alifika saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimwamkia Mama kwa adabu, "Shikamoo, Mama," na Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu, kaa," bila kuacha kukata. Kiti kilichokuwa wazi ni cha wateja, kwa hiyo akakaa mbele ya pazia jeupe, taa zote mbili zinamtazama, akawa anapepesa macho. Hakuwa mtu mbaya. Nilitaka awe mbaya ili nimpe vidonge vyake, lakini hakuwa.

"Ndugu yangu," alimwambia mdogo wangu, "niambie tatizo ni nini. Kama ni picha, tutaikuza upya. Kama ni mkataba, tuongee. Sahihi ni ya dakika moja."

Mdogo wangu alisimama kando ya taa, mikono mfukoni. Nikamtazama, nikasubiri, nikahesabu mpaka kumi. Mwenzenu subira sikujaliwa.

"Hakukuwa na askari," nilisema.

Mhariri akanigeukia mimi, kisha yeye.

"Ni kweli," mdogo wangu alisema. "Aliyekuwa mbele yake ni mimi peke yangu. Nilimwambia nikupige, akaelewa vingine." Na akayasema yote tena, kwa kifupi, mpaka kwenye viganja na mlango wa nyuma. Sauti yake ilikuwa kavu. Mama alikuwa anakata, kikatio kinashuka na kupanda, tak, tak. Yeye ndiyo mara yake ya kwanza kusikia habari hii, na sikuweza kuuona uso wake kwa sababu ameinama.

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nani mwingine anajua?"

"Sisi tuliomo humu."

Akafikiri. Mtu anayefanya kazi na maneno anapofikiri unaweza kumwona akiyapanga. Akatoa kalamu, akakata maneno ya zamani, na juu yake akaandika mengine kwa mwandiko mzuri sana: "Mama akinyoosha mikono juu, asubuhi ya mashambulizi."

"Hapa uongo uko wapi?" alisema, na aliuliza kwa moyo mweupe. "Alinyoosha mikono? Alinyoosha. Ilikuwa asubuhi? Ilikuwa. Kulikuwa na mashambulizi? Sikio lako ni shahidi. Hatujasema askari, hatujasema nani. Msomaji ataona mwenyewe."

Na mimi, nikiri tu, nilifurahi. Nililiona ni jambo la akili. Kitabu kinatoka, jina linabaki, hakuna aliyedanganya. Nikampisha mdogo wangu mezani, nikamsogezea karatasi. Akachukua kalamu. Akainama.

Kikatio kikanyamaza.

"Na yeye alipona?" Mama aliuliza.

"Nani, Mama?" mhariri alisema.

"Huyo mwenye mikono."

Mdogo wangu alibaki ameinama, kalamu iko juu ya mstari.

"Sijui, Mama," alisema.

"Hukuuliza?"

"Nilibebwa, Mama. Sikuwa na fahamu."

"Siku ile ulibebwa." Mama aliweka pembeni kipande cha karatasi alichokuwa amekishika. "Nauliza miezi hii minane."

Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Mimi niliyeuliza hatua ishirini na mbili, mimi niliyeuliza kioo cha kamera, niliyeuliza mpaka mgongo wa dereva! Nilimwona mama yule akikimbilia uani na bomu likianguka uani, na nikauliza habari za sikio la mdogo wangu. Niliitazama sura yake kwa saa nzima dirishani kama mtu anayetegua kitendawili, na haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba ni mtu ambaye ama yuko mahali fulani leo, ama hayupo. Niliona aibu, na mpaka sasa ninaiona.

Mdogo wangu alikuwa analia. Hakujificha. Machozi yalidondoka mezani kati ya vipande vya picha za watu, na Mama akavisogeza visilowe.

"Kila mtu ameniuliza mwanga," alisema. "Wameniuliza lenzi gani. Wameniuliza niliogopa kiasi gani. Kabla sijarudi huku nilisimama mbele ya ukumbi wa watu mia tatu na hakuna aliyeniuliza hilo, Mama. Nilikuwa naomba mtu aniulize, na naomba asiniulize."

"Basi nimekuuliza," Mama alisema.

Akajifuta kwa mkono wa shati. Akayakata maneno ya mhariri, kwa mstari mmoja, bila hasira, na hapo chini palipobaki nafasi ndogo akaandika yake. Aliandika taratibu na sisi wote tulisoma yakitoka: "Mama huyu alininyooshea mikono mimi, akidhani nitampiga risasi. Nilijua, nikampiga picha. Sijui kama yuko hai." Akatia sahihi.

Mhariri alisoma mara ya pili peke yake, midomo ikicheza. "Ndugu yangu," alisema, "maneno haya siwezi kuyaweka kwenye jalada."

"Najua."

"Na bila picha hii hakuna kitabu. Wenzangu hawatakubali."

"Najua."

"Hata sijui niende nikawaambie nini."

Mama alikuwa ameshaanza kukata tena. "Mwanangu," alimwambia, "si ulifuata sahihi? Hiyo hapo."

Mhariri alikaa kidogo, akasimama, akampa mdogo wangu mkono kwa mikono yake miwili, akaaga. Karatasi aliibeba. Kitabu hakikutoka, na baada ya wiki moja maneno yale yalijulikana, sijui kwa njia gani, na waliokuwa wakimsifu wakamgeuka. Wengine walimtukana kwa majina ambayo sitayaandika. Lakini hayo yalimkuta ameshaondoka.

Aliondoka Jumanne. Begi la kamera lilibaki juu ya kabati. Alichukua nguo mbili na picha namba 416, ile ya mama anayekamua nguo, niliyomsafishia mimi mwenyewe na kuikata ubaki uso wa mama yule kwa karibu, ili watu waweze kumtambua. Huko alikokwenda mapigano yalikuwa yametulia ila hayakuwa yamekwisha, na nilimwambia wazi kwamba naogopa, kwamba ningependa afagie studio mpaka azeeke. Akasema hata yeye anaogopa. Mama alimwombea dua akamwambia asikae sana.

Siku ya kumi na moja simu ililia mchana, nina mteja kwenye kiti. Nilipoiona namba nilimwacha kidevu juu.

"Dada," alisema. "Nimempata. Yuko hai."

Nilipiga ukelele mpaka mteja akaruka. Mama akauliza nini, nikamwambia yuko hai, Mama, mama wa mlangoni yuko hai, na Mama akashika kifua, akasema alhamdulillahi mara tatu. Kisha maswali yakanimwagika kwenye simu: yuko wapi, ana hali gani, anakaa na nani, ameumia, anakumbuka, amesemaje alipokuona?

Alinisubiri nimalize, kama siku zote.

"Anakaa kwa dada yake, mtaa wa pili kutoka pale. Anachechemea, mguu wa kulia. Jirani ndiye aliyemtambua kwenye picha. Sikwenda mlangoni, Dada. Nilisimama barabarani mbali, nikamtuma jirani amweleze mimi ni nani na amwulize kama naweza kuingia kumwomba radhi."

"Ehe? Akasemaje?"

"Akasema hapana."

"Hapana vipi?"

"Hapana tu. Jirani alikwenda akarudi. Kaulizwa, kasema hapana."

Niliegemea meza ya Mama. Mteja bado alikuwa ameinua kidevu.

"Wewe ukafanyaje?"

"Nikamwambia jirani ampelekee asante yangu," alisema. "Sasa niko stendi, nangoja basi."